Spika za Majirani kwenye Redio ya Baba

Sisi tuliokulia kambi ya shamba la kahawa kule Karatu, miaka ile ya sabini, tulikuwa na redio moja kambi nzima, na hiyo moja ilitutoa roho. Ilikuwa ya baba yangu, dereva wa trekta. Ilikaa mezani kwetu ikitumia betri ya gari, na majirani walijazana ndani mpaka mama akahamishia jiko nje, akawa anachochea makande huku akinung'unika.

Ndipo Mzee Tluway, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipoomba kuvuta waya kutoka kwenye redio yetu hadi spika kuukuu aliyoitundika kwake. Baba akakubali, na ikasikika vizuri. Tungejua! Kesho yake Mama Mkumbo naye akataka, kisha wa nyumba ya pili, kisha hata wa ng'ambo ya bomba la maji. Baba aliweka sharti moja: "Anayetaka kuunganisha, aniambie kwanza." Wote wakaitikia, na hakuna aliyemwambia. Ukitoka shule unakuta waya mwingine umepenyezwa dirishani. Kila spika ilipoongezeka sauti ilififia, na wenye spika hao hao ndio waliokuja kulalamika kwamba redio yetu ni mbovu.

Wakati huo bibi, mama yake mama, alikuwa mahututi Singida. Habari za misiba zilitangazwa redioni jioni, na saa hiyo mama aliacha kila kitu, akasogeza kigoda karibu. Jioni moja matangazo yalikuwa yameanza tu, redio ikanyamaza. Baba alifuata waya nyumba kwa nyumba.

"Nani kagusa?"

Hakuna aliyegusa. Mwishowe, kwa Chidawali, kibarua mgeni kutoka Dodoma, akakuta nyaya zilizochunwa ovyo zinagusana. Alipozitenganisha, ulikuwa unapigwa muziki.

Wiki iliyofuata, sokoni Karatu, mtu wa kwao alimpa mama pole. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Baba aling'oa nyaya zote. Kambi ikapoa. Chidawali alikuja na kuku, akakaa mlangoni. Tulipoanua tanga, mama akamwambia baba, "Warudishie. Na wao wana mama zao huko makwao."

Baba akawarudishia, akakariri sharti lake. Haukupita muda, waya mpya dirishani, mwenyewe hajulikani. Mama alifyonza tu, akaendelea kupepeta mahindi.

Leo nyumbani kwangu kila kijana ana simu yake, masikio kayaziba, na hakuna anayemharibia mwenzake sauti. Juzi shangazi yao alilazwa hospitali Wasso, na habari ikaingia kwenye simu zao zote mchana ule ule. Mimi nilikuwa sebuleni. Hakuna hata mmoja aliyetoka chumbani kuja kuniambia.