Ufagio wa Siku ya Kimya

Asubuhi ya Siku ya Kimya, kisiwa kizima cha Bali kikiwa kimejifungia majumbani, niliamshwa na ufagio. Sikuhitaji kuchungulia kujua ni nani. Mama Gede alikuwa anafagia ua alioufagia jana jioni, ua usio na hata jani moja.

Waume zetu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo yeye nami tumeishi ua huu tangu tulipoletwa maharusi. Mumewe, Wayan Lantra, alifariki kabla ya mavuno yaliyopita. Kwetu husemwa kwamba machozi yakimwagika juu ya maiti, marehemu njia yake inakuwa nzito. Mama Gede hakumwaga hata moja, si siku ya kufa wala siku ya kuuchoma mwili. Watu walimsifu, mimi nikiwa wa kwanza: mwanamke jasiri, moyo wa chuma. Upuuzi mtupu. Tangu siku ile hajakaa chini. Anasuka visahani vya makuti vya sadaka vya kuuza sokoni, akimaliza anafua, akimaliza anarudia kufua zilizo safi. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, nilijua hilo, lakini nilinyamaza kwa sababu ua ulikuwa unapendeza.

Mwanawe Gede hupika kwenye meli ya watalii. Baba yake alipofariki meli ilikuwa katikati ya bahari, na mazishi yakampita. Sasa alikuwa amekuja, na kesho yake, uwanja wa ndege ukishafunguliwa, alikuwa anarudi melini kwa mkataba mwingine. Tangu afike, mama yake alikuwa amemwambia maneno mawili tu: "Kula" na "Sogea." Mimi niliogopa asije akaondoka hivyohivyo. Nyumba hii tayari ilikuwa imeshajua kwamba anayekuaga leo huenda usimkute tena.

Ufagio ukaendelea mpaka geti likagongwa.

"Mama Gede!" Ilikuwa sauti ya Nyoman Darsa, binamu wa waume zetu, aliyepewa ulinzi wa mtaa kwa siku ile. Alikuwa ananong'ona, lakini kwa kimya kile ungedhani anapiga kelele. "Nasikia ufagio mpaka barabarani."

"Si ufagio, shemeji. Ni upepo."

"Upepo unafagia kuelekea jalalani? Kazi leo marufuku, unajua. Mashetani yakipita yakasikia mtu anafagia, yatajua kisiwa kina watu. Utatuponza wote."

"Yapite tu. Nitayafagia na yenyewe."

"Weka chini, shemeji yangu. Nakuomba."

Akauweka. Akakaa kibarazani, akaanza kukunja pindo la kanga yake na kulikunjua. Akasimama. Akaenda kutazama jiko lililozimwa tangu jana, akarudi. Akafunua wali baridi, akaufunika. Nilimletea kahawa ya kwenye chupa, iliyokwisha kupoa, nikamwambia, "Dada, kaa. Unanitia kizunguzungu."

"Kama una kizunguzungu, lala."

"Mtoto anaondoka kesho."

"Si ndiyo kazi yake? Kuondoka."

Alisema hivyo kwa sauti ya kumfikia Gede, naye akamsikia. Kijana alikuwa ameketi kwenye banda la mashariki, lile tunalolazia maiti, anapapasa mkeka kwa kiganja kama mtu anayetafuta sindano. Akaendelea kupapasa. Jua likapanda, likaanza kushuka, na mama mtu akawa anazunguka ua ule bila kazi mikononi, kila mara akifika karibu na banda anageuza. Siku nyingine angekimbilia sokoni. Siku ile hapakuwa na pa kwenda.

Alasiri Gede akauliza, polepole, "Mama, kichwa cha baba kilikuwa upande gani?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Ungekuwepo ungejua!" Mama Gede alipaza sauti, ndege wakaruka mtini. "Unaniuliza mimi? Nimemwosha bila wewe! Mwana wa kwanza, na kiberiti akashika baba yako mdogo! Watu wananiuliza Gede yuko wapi, nasema anakuja, anakuja. Anakuja wapi! Unakaanga viazi vya wazungu!"

"Ulinipigia simu," Gede akasema.

"Nilikupigia ili uje!"

"Uliniambia, usilie mwanangu, utamchelewesha baba yako. Sikulia, mama. Nilirudi jikoni nikaendelea kumenya. Mpaka leo sijalia. Nimengoja nije niulize kama sasa inaruhusiwa."

Mama Gede akafungua mdomo kumjibu. Kilichotoka hakikuwa jibu. Kilikuwa kilio, kikubwa, kibaya, cha mtu asiyejua alie vipi kwa kuwa amekaa muda mrefu bila kulia. Akaangukia ukingo wa banda, akampiga mwanawe kifuani kwa ngumi, huku kamkamata shati asimwachie. Gede naye akapasuka. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha kahawa baridi, nalia kama mjinga.

Geti likagongwa tena.

"Kuna nini humo?" Nyoman alinong'ona. "Nani anapiga kelele?"

Nikasogea getini. "Ni Mama Gede, shemeji. Analia."

 Nikaona kivuli cha Nyoman chini ya geti hakiondoki. Nikajiandaa kuomba radhi.

"Ngoja nifikirie," akasema hatimaye. "Moto marufuku. Kazi marufuku. Safari marufuku. Starehe marufuku." Akakohoa. "Kulia hakumo. Mwambie aendelee."

Tuliendelea mpaka giza likaingia, na siku ile taa haziwashwi, kwa hiyo hatukuonana nyuso. Nikamsikia Mama Gede akipigapiga mkeka.

"Kichwa kilikuwa huku," akasema. "Upande wa mlima. Lala uone."

Gede akalala.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua, mama."

"Haijaisha. Usidhani kulia kumeimaliza."

"Sidhani."

"Basi urudi uikute," akasema, na akakaa pale kando yake, mikono imetulia mapajani, mpaka asubuhi.