Alama Tisini na Saba za Bi Fumie

Bi Fumie Kusakabe alijaliwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Hilo hata adui yake angelikiri. Miaka thelathini aliyofanya kazi katika kiwanda cha samaki pale Yaizu, mji wa wavuvi nchini Japani, aliimba kwaya ya kina mama kila Jumatano. Alipostaafu akahamia mkahawa wa Mama Setsuko, ambako wazee huimba karaoke tangu saa saba mchana hadi wakati wa kwenda kupika. Mashine ya pale hutoa alama kati ya mia kila wimbo unapokwisha. Bi Fumie ilimpa tisini na saba, na siku akiwa na mafua, tisini na sita.

Tatizo lilikuwa choo. Akianza tu kuimba, watu waliinuka. Mzee Onodera, kinyozi mstaafu mwenye kibofu kisichostahimili kikombe cha pili cha chai, ndiye aliyetangulia, wengine wakapanga foleni nyuma yake. Waliobaki waliagiza tambi. Wakirudi walimpigia makofi ya adabu, mikono ingali na maji. Bi Fumie alitabasamu, lakini ilimuuma sana. Hakutaka tuzo. Alitaka siku moja tu aimbe mpaka mwisho bila mtu kubanduka kitini.

Kilichomchoma zaidi ni Mzee Hirose, fundi wa mikeka, aliyeimba kama mlango usiotiwa mafuta na bado watu wakaganda vitini. Wimbo wake ulikuwa mmoja tu, wa mvuvi anayemuaga mama yake. Alijifunga taulo kichwani, akavuta wavu usioonekana katikati ya meza, kisha akampigia magoti Mama Setsuko na kumlilia kama mama mzazi. Mashine ilimpa hamsini na mbili. Wimbo ule haukuguswa na mtu mwingine, maana pale kila mtu ana wimbo wake, na kuimba wa mwenzako ni sawa na kuondoka na viatu alivyoviacha mlangoni.

Alasiri moja ya Novemba, Hirose alifika sauti imemkauka kabisa. Taulo alikuwa nayo, koo hana. Akamsogelea Bi Fumie na kumnong'oneza.

"Bi Fumie, niazime koo lako. Wewe imba, mimi nitavuta wavu."

Bi Fumie alikubali haraka kuliko ilivyompasa mtu mzima. Wimbo aliujua tangu usichana wake. Leo, aliwaza, wataujua ulivyo hasa.

Akauanza vizuri, kila sauti mahali pake. Hata mstari wa pili haujaisha, Mzee Onodera alikuwa amekunja uso.

"Umepotea njia, Bi Fumie. Wimbo hauendi hivyo."

"Ndivyo ulivyotungwa," akajibu ndani ya kipaza sauti.

"Nani kasema? Miaka kumi na tisa tunausikia hapahapa."

Wakaanza kumsahihisha, mkahawa mzima, kwa kuuimba kwa ule mwendo wa Hirose uliopinda, unaoshuka panapotakiwa kupanda. Bi Fumie alishikilia wake kwa ubeti mmoja. Lakini wengi wape, na huku Hirose amekwisha kupiga magoti miguuni pake, anamlilia bila sauti, maana sasa mama ni yeye. Kicheko kikampasua. Akaupinda wimbo kama wenzake na kumpiga kofi la taulo.

"Nenda baharini, wewe! Miaka sabini na moja bado unakaa kwa mama yako?"

Mkahawa ukapasuka. Wimbo ulipokwisha, mashine iliandika arobaini na tisa, na kwa mara ya kwanza Bi Fumie hakutazama kioo cha mashine. Alikuwa anatazama viti. Vyote vilikuwa na watu, isipokuwa kimoja: Mzee Onodera alikuwa anakimbia, amejikunja, kuelekea chooni. Bi Fumie akashusha kipaza sauti.

"Hata leo, Mzee Onodera?"

"Niache, mama," kinyozi akajibu bila kugeuka. "Nimejibana tangu ubeti wa kwanza."