Mchanga wa Bwana Shamba

Usiku ule simu ilikuwa imechomekwa kwenye chaji juu ya meza ya tangi la samaki, kwa kuwa soketi ya hapo ndiyo pekee iliyokuwa nzima pale sebuleni. Mwanaharusi alitandika mkeka mbele ya meza ile, akaketi akiitazama simu. Mumewe, Idrisa, alikuwa amebanwa na kifua baada ya magharibi. Bodaboda ilipokuja kumpeleka hospitali, Kudra, dada yake Idrisa, ndiye aliyewahi kupanda nyuma kumshika mgonjwa asidondoke. Mwanaharusi akabaki mlangoni na kanzu ya mumewe mkononi.

"Nitakupigia," Kudra alisema.

Basi akangoja kupigiwa. Simu ilikaa kimya. Taa ya tangi ilikuwa inawaka, na ndani yake alikuwemo kambale mmoja, urefu wa kiganja na vidole vyake. Mtu anayengoja hutazama kilichopo. Mwanaharusi alimtazama kambale yule mpaka akaona jambo ambalo hakuwahi kulitia maanani: sharubu zake zimekwisha. Zamani zilikuwa ndefu, zikipepea mbele ya mdomo kama nyuzi. Sasa vilibaki vishina. Alimwona akishusha pua katikati ya kokoto, akiirudisha upesi, akijaribu pengine, akiirudisha tena.

Simu iliita alfajiri. Kudra alisema, "Inna lillahi," akashindwa kuendelea. Mwanaharusi akaimalizia.

Idrisa alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni kando ya barabara ya Lindi, hapo hapo Kibiti. Wenye nyumba walipochoka na samaki wao wa rangi, ambao kila wiki walikutwa wanaelea, walilitoa tangi nje litupwe. Idrisa akaliomba, akaja nalo juu ya pikipiki, amelikumbatia mapajani kama mtu aliyebeba bibi harusi. Samaki wa rangi hakuwa nao. Alikwenda kwao Ruaruke, akachota kambale mdogo kwenye dimbwi la shamba la mpunga lililokuwa linakauka. Na kwa kuwa matangi yote aliyowahi kuyaona yalikuwa na vijiwe chini, naye alijaza kokoto alizookota kando ya barabara, zile za kusagwa kwa mashine, zenye ncha kama meno. Kambale akampa jina la Bwana Shamba, maana Ruaruke aliwahi kuwapo ofisa kilimo mwenye sharubu za namna ile. Asubuhi akirudi lindoni alisalimia watu wa nyumbani kwanza, kisha akaliinamia tangi na kuuliza, "Bwana Shamba, mwaka huu tupande lini?"

Mwanaharusi yeye alizaliwa Mbwera, kwenye visiwa vya delta, akasoma mpaka darasa la nne, akatolewa shule akalinde mpunga na ndege. Kazi ile ilimfundisha kukaa kimya na kutazama, na hakuiacha hadi leo. Alipokuwa na watoto wadogo aliamka usiku kupapasa nyayo zao, mmoja mmoja, ajue kama zina joto. Wanawe sasa wako Dar es Salaam na wana watoto wao, lakini wakimpigia simu swali lake la kwanza ni "Mlango umefunga?" Majirani walimtania kwamba lau wenye nyumba ya wageni wangemwajiri yeye badala ya mumewe, pasingepotea hata kijiko.

Baada ya matanga wanawe walirudi makazini, naye akabaki ndani kukaa eda. Kudra alihamia pale kumkalia. Mlango wa mbele ulitiwa komeo, ukafunguliwa kwa wanawake tu. Vitumbua alivyozoea kuuza sokoni vikasimama, marashi yakafungiwa sandukuni. Kilichobaki ni swala na tangi. Mwanaharusi alitazama, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kuona: mikwaruzo myekundu tumboni mwa kambale, ukungu mweupe kwenye kona ya mdomo. Akajiwekea neno moyoni bila kumwambia mtu. Hataki mwingine afe ndani ya nyumba hii kabla yeye hajatoka eda. Hata kambale.

Kudra alikuwa na maoni yake.

"Kambale ni kitoweo," alisema. "Mume kafa, wewe unauguza mboga."

"Ndugu yako alimlisha mchwa kwa vidole vyake mwenyewe."

"Alikuwa anamnenepesha."

Msaada ulikuja kwa kupiga hodi. Kijana mmoja aitwaye Nassibu, anayeuza makava ya simu na samaki wa rangi karibu na stendi, ndiye aliyekuwa amempatia Idrisa ile pampu ndogo ya hewa inayokoroma ndani ya tangi. Siku ya mazishi alikuwa safarini. Aliporudi alikuja kutoa pole, akakuta mlango umefungwa.

"Shikamoo, bibi! Poleni na msiba."

"Marahaba. Tushapoa," Kudra alijibu kutoka ndani. "Kuna lingine?"

"Bwana Shamba hajambo?"

Kudra alifungua kinywa amfukuze, lakini Mwanaharusi alikuwa ameshafika nyuma ya mlango, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi. "Hajambo wapi, mwanangu! Sharubu zimekwisha, tumbo limechubuka."

"Chini mmemwekea nini?"

"Kokoto. Za barabarani."

"Dah, mzee wangu!" Nassibu alisikika akijipiga paja. "Mama, kambale kazi yake ni kuchimbua tope. Mmemtandikia nyembe. Huyo anataka mchanga. Nifungulieni nimcheki."

"Humu kuna mwanamke wa eda," alisema Kudra. "Utamcheki kwa masikio."

"Basi nawapitishia simu yangu chini ya mlango, mpigeni picha."

"Picha ya nyumba ya eda ikazunguke Kibiti nzima? Simu yako baki nayo."

Simu za humo ndani zote mbili zilikuwa vitochi, za kupiga na kupokea tu. Ikawa hivyo hivyo. Nassibu alikaa barazani na mgongo wake kwenye mlango, akaeleza. Mwanaharusi alikaa upande wa ndani, akasikiliza. Kudra alisimama juu yake akihakikisha mazungumzo hayatoki kwenye samaki.

Mchanga uoshwe mpaka maji yake yasiwe na rangi. Samaki atolewe akae kwenye ndoo, ndani ya maji yake mwenyewe, na ndoo ifunikwe, kwa sababu kambale hupanda. Kokoto zitolewe. Maji ya zamani yaachwe nusu, wala sponji ya pampu isiguswe na sabuni, maana humo ndimo mna vile vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu wa samaki, na vikifa samaki naye hakai. Mchanga utandazwe, juu yake iwekwe sahani, na maji yamiminwe kwenye sahani polepole yasiutibue.

"Umenipata, mama?"

Mwanaharusi aliyarudia yote bila kuacha neno.

"Ungekariri juzuu namna hiyo," alisema Kudra, "leo ungekuwa na madrasa yako."

Mchanga wa mafundi wa ujenzi pale Kibiti ulikuwa na udongo. Aliujaribu kidogo kwenye bakuli, kila akiuosha unatoa maji kama chai. Ndipo alipompigia mdogo wake, Sijaona, huko Mbwera, na viroba viwili vya mchanga mweupe vikaja kwa boti mpaka Nyamisati, kisha kwa basi. Sijaona alisimulia kwenye simu jinsi watu wa boti walivyomcheka. "Wanasema, mchanga! Kwani Kibiti watu wanatembea hewani?"

Tangu utotoni Mwanaharusi aliosha mchele ili mchanga utoke. Sasa aliosha mchanga wenyewe, na mkono haukujua tofauti. Ulizungusha beseni, ukaliinamisha, ukamwaga, mpaka akajikuta mara anamwaga mchanga na kubakiza vipande vya makombe, kama ndivyo vinavyokwenda kupikwa. Ikabidi auchekeche upya. Maji yalipotakata alichovya kidole, akaonja. Chumvi. Kwao watu huonja maji ya mashambani hivyo hivyo, wajue kama bahari imepanda mtoni kabla mpunga haujaungua. Akaosha tena, akaonja tena. Kudra alimkuta uani ametoa ulimi.

"Haya. Tumeacha kula vitumbua, sasa tunakula mchanga."

"Ungali na chumvi."

"Basi usiongeze nyingine."

Alichukua siku kadhaa mpaka ulimi ukakosa la kusema. Siku ya kuhamisha ikaangukia Alhamisi. Asubuhi alimtia Bwana Shamba kwenye ndoo pamoja na maji yake, akafunika, akaweka jiwe juu ya mfuniko. Nusu ya maji yaliyobaki aliyavuta kwa mpira akayahifadhi kwenye beseni kubwa. Kokoto alizitoa kwa mkono, akakatwa kidole, akaendelea. Chini yake uchafu wa miaka ulitibuka na harufu ikajaa sebule. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Mwanaharusi akaosha mikono, akatawadha, akaingia chumbani kuswali.

Jioni ile wanawake wa mtaani walikuwa waje kusoma khitma ya Idrisa. Kudra alisimama katikati ya sebule na pua yake. Hakuweza kukubali wageni waje wakae katika harufu ile wakamwombee ndugu yake. Akafanya ambalo mwanamke yeyote msafi angelifanya. Maji ya beseni aliyamwagia migomba. Kioo alikisugua kwa sabuni ya unga, na sponji ya pampu akaisugua pia, akaikamua vizuri. Akamimina mchanga, akajaza maji ya bomba, akamwaga nje na yale ya kwenye ndoo, akamrudisha samaki.

Mwanaharusi alipotoka kwenye swala ndefu na nyiradi zake, tangi liling'aa kama la dukani, na maji yake meupe kama tui la pili.

"Nimekumalizia kazi," Kudra alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu karibu na upendo.

 Mwanaharusi alilisogelea tangi, akanusa. Dawa ya bomba, na sabuni.

Kabla ya alasiri Bwana Shamba alikuwa ameinama upande. Kambale mzima huja juu, huvuta hewa, hurudi chini. Huyu alikuja juu akabaki huko, mdomo wazi, utelezi umemtoka kama kamasi. Kisha akazama akalalia ubavu, akawa haji tena. Mwanaharusi alimpigia Nassibu, naye akafika na madumu mawili kwenye pikipiki.

"Maji ya zamani mliacha nusu?" aliuliza nje ya mlango.

Mwanaharusi alimtazama wifi yake, akangoja.

"Niliyamwaga mimi," Kudra aliuambia mlango. "Yalinuka."

"Yote?"

"Yote."

"Na sabuni je?"

"Kidogo."

"Kidogo gani, bibi?"

"Ya kutakata!"

 Nassibu akasema, taratibu, bila masihara yake: "Nina maji ya tangi langu hapa, na ninayo dawa ya kuondoa ile ya bomba. Lakini hili haliwezi kuelezwa kwa mdomo. Maji yavutwe, mchanga usuuzwe tena, na samaki nimwone. Nifungulieni, au niwaage."

Kudra aliweka mkono kwenye komeo, hakulivuta. "Kwa ajili ya kambale," alisema. "Watu wakiuliza, tuseme tulifungua kwa ajili ya kambale."

Mwanaharusi alikuwa kwenye mkeka, uso karibu ugusane na kioo. "Wifi," alisema bila kugeuka, "usiniache nifiwe mara mbili ndani ya nyumba moja."

Kudra alimtazama yeye, akamtazama samaki aliyelala ubavu. 

"Ingia chumbani," alisema. "Ufunge. Wala usichungulie."

Mwanaharusi aliingia, akafunga, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisikia komeo likivutwa. Ndala zilipita, dumu likatuliwa, maji yakaanza kukimbia kwenye mpira.

"Shika hapa, bibi."

"Nishike samaki, mimi?"

"Mtie mkono tumboni, asimame wima. Usimbane."

"Ana utelezi kama shetani huyu."

"Polepole. Msukume mbele na nyuma, maji yampite."

Baadaye kukawa hakuna sauti ya mtu, ila maji tu, yakimwagwa, yakichotwa, yakimwagwa. Mwanaharusi alifumba macho ili asikie vizuri zaidi, akafumbua, hayakumsaidia. Sauti za wanawake zilifika barazani, hodi hodi, zikakatizwa na Kudra: "Piteni uani, mlango wa nyuma uko wazi. Hapa msiingie kwanza, kuna mgonjwa."

"Mgonjwa? Mwanaharusi?"

"Nimesema piteni uani!"

Pampu ilianza kukoroma, ikakatika, ikakoroma tena. Ndala zikatoka. Komeo likarudi mahali pake. Uani mmoja wa wanawake alianza kusafisha koo lake tayari kwa Yasini, lakini sebuleni hakukuwa na hatua hata moja, kwa muda ambao Mwanaharusi aliona unatosha mtu kukosa namna ya kumwambia mwenziwe. Hakuinuka. Alivuta ushungi, akaufungua, akauvuta tena.

Mlango ukafunguliwa. Kudra alisimama pale, mikono ya gauni imekunjwa, amelowa mpaka mabegani, chembe za mchanga zimemganda shavuni.

"Anakuja juu, anarudi," alisema. "Kijana kasema asiachwe peke yake mpaka kesho. Haya, njoo umkalie wewe. Mimi magoti yameisha."