Nilivyokaguliwa na Madam Kendi

Mimi huendesha pikapu ya viazi kutoka Timau hadi Meru, kona na milima yote, na sijawahi kugonga hata mbuzi. Kwa hivyo klabu ya magari ilipoleta shule ya siku moja ya kuendesha kwa kasi, kando ya mashamba ya ngano, nilienda kuwaonyesha kazi.

Mwalimu, Madam Kendi, alikagua gari langu kwanza.

"Umetoa kila kitu kinachoweza kuruka?"

"Kila kitu, madam. Hata jeki."

"Na handbreki iko sawa?"

"Hiyo haijawahi kuniangusha, hata kwa mlima gani."

Akaketi kando yangu, akafunga mshipi. Nikakanyaga mafuta mpaka akashika mlango. Tulipokaribia koni za plastiki zilizopangwa mwisho wa njia akapaza sauti, "Breki! Yote!"

Pedali ikakataa kushuka. Kuna kitu kilikuwa kimebingirika kutoka chini ya kiti changu kikakwama hapo. Tuliangusha koni zote, tukaingia ndani ya ngano, gari likazima.

Hatukuumia. Wanafunzi wenzangu walikuja mbio wakatuzunguka. Madam Kendi aliinama miguuni pangu, akatoa jiwe kubwa lililochakaa kwa kukanyagwa na gurudumu, akaliinua juu wote walione.

"Na hii ni nini?"

"Ni handbreki, madam."