Sauti ya mke wangu imebaki ndani ya diski, na binti yangu anadhani niliiharibu makusudi

Ndugu wa ukurasa huu, nisameheni kwa kunyamaza muda mrefu. Nilipowaandikia mara ya kwanza mliniuliza kama mnaweza kukitoa kisa changu bila jina, nami sikuwajibu. Sikuwa nimekataa. Nilikuwa naona haya.

Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mmoja, nimefiwa na mke, ninaishi Mabanga, hapa Goma. Nilikuwa mwalimu wa lugha hadi nilipostaafu. Binti yangu wa kwanza, nitakayemwita Furaha ingawa si jina lake, anaishi Kampala.

Miaka sita iliyopita Furaha aliingia kwa mwanamume kabla wazee wa pande mbili hawajakaa na mahari haijatolewa. Nilimwambia asikanyage kwangu mpaka utaratibu ufuatwe. Baada ya mwaka mmoja aliniandikia barua ya kuomba msamaha. Nilichukua kalamu nyekundu, nikasahihisha makosa yake, nikamrudishia. Wakati ule nilijiona mzazi anayefundisha. Hakuandika tena.

Mwaka jana mke wangu aliugua. Siku chache kabla ya kufariki aliniomba simu, akasema, "Papa Furaha, toka kwanza. Niko na maneno ya mutoto wangu." Niliketi uani akijirekodi, nikiisikia sauti yake kupitia ukuta wa mbao, bila kushika hata neno moja. Aliponiita ndani alisema, "Umutumie leo leo. Na weye usisikilize, ni yake."

Sikusikiliza. Lakini sikutuma pia. Nilijiambia kwamba maneno ya mama anayeaga hayatumwi kwa simu kama bei za maharage. Mtoto mwenye adabu hurudi nyumbani kuyapokea. Ukweli ni kwamba nilitaka arudi, na sikujua njia nyingine ya kumwita. Mazishini hakufika, njia zilikuwa zimefungwa. Nikaihamishia sauti ile kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, kisha nikaifuta katika simu ili wajukuu wasiichezee. Diski nikaitia katika mfuko wa kukimbilia. Watu wa Goma wanaujua mfuko huo: unakaa nyuma ya mlango, una vyeti na karatasi za kiwanja, unangoja siku volkano au jambo jingine litakapotutoa nyumbani.

Mwezi uliopita, asubuhi, ardhi ilitetemeka. Niliukamata mfuko, nikakimbia, nikateleza mlangoni, mfuko ukaruka na kujigonga kwenye mawe meusi ya uani. Tetemeko likapita. Nyumba haikupata ufa. Hata sahani kabatini hazikuvunjika. Kilichovunjika ni kile nilichokuwa nakiokoa.

Nilipoichomeka diski, ilitoa mlio wa tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango. Jina la ile sauti lilitokea kwenye kioo, lakini halikufunguka. Nikachomoa, nikachomeka, siku nne mfululizo. Ndipo nikaenda mtaa wa Birere kwa fundi wa kompyuta. Aliiweka sikioni.

"Muzee, umeiwasha mara ngapi tangu ianguke?"

"Sikuhesabu. Asubuhi na jioni."

Mteja aliyekuwa akisubiri akacheka. "Muzee alikuwa anaipatia dawa!"

Fundi hakucheka. "Papa, kila mara unaiwasha, iko najikula ndani. Usiichomeke tena. Hapa hatuna chumba chenye haina vumbi. Mwenye atakuambia ataifungua hapa, umukimbie. Kampala wako watu. Lakini ni mara moja tu. Ikikataa, imekwisha."

Sasa nawaungamia jambo ambalo hata padri sijamwambia. Niliposikia neno "imekwisha", nilihisi nafuu. Kwa dakika moja, labda pungufu. Niliwaza: basi, sitajua kamwe mke wangu alisema nini juu yangu. Kisha nikakumbuka kwamba sauti yake haiko mahali pengine popote duniani, nikaketi kwenye kiti cha fundi bila kukaribishwa.

Nilimpigia Furaha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile barua. Kumbe kabla ya kufariki mama yake alikuwa amekwisha kumdokeza, kwa simu ya jirani, kuhusu yale maneno.

"Papa, mama aliniambia utaituma. Nilingojea siku zote hizi."

"Ilianguka, mwanangu."

"Ulisikiliza, ukakuta maneno yenye haikupendeza, ukaiharibu. Sema tu."

"Sikusikiliza."

"Mutu mwenye alirudisha barua yangu na wino mwekundu, leo nimuamini?"

 

Ijumaa ijayo Furaha anavuka mpaka kuja kumaliza matanga ya mama yake. Amesema nimpe diski aipeleke Kampala mwenyewe. Nikimpa, itarushwarushwa barabarani safari nzima, na ikifa huko ataamini maisha yake yote kwamba nilimkabidhi kitu nilichokwisha kukiua. Nikiizuia nyumbani mpaka nipate njia iliyo salama zaidi, atasema naficha. Na ile nafuu niliyoihisi, je, nimwambie? Nikisema, nitakuwa nimemthibitishia anayoyawaza. Nikinyamaza, nitakuwa nimemnyima ukweli mwingine unaomhusu, kama nilivyomnyima sauti ya mama yake.

Diski iko mezani, nimeifunga katika kitenge cha marehemu. Kila asubuhi naiweka sikioni kama alivyofanya fundi. Haisemi kitu.

Ninyi mlio wazazi, na zaidi ninyi mliolelewa na baba kama mimi, niambieni: nishike njia ipi? Msinihurumie, nishaurini tu. Andikeni upesi, hata mkikosea. Kalamu nyekundu nimeitupa. Nami nikishaamua nitawaandikia, hata kama nitakachowaandikia kitakuwa cha aibu.