Nilikataa Kuoga Nisije Nikafukuza Dhahabu

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Nilimharibia jina mwanamke asiye na hatia, eti kwa sababu ya muwasho wangu mwenyewe! Nimechoka kuubeba mzigo huu, acheni niutue hapa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nachimba dhahabu Nyarugusu. Duara letu, yaani shimo letu, lilianza kutoa mawe mazuri. Kwetu wachimbaji, shimo likitema, yaani likitoa dhahabu, huogi wala hubadilishi nguo, maana ukioga unaosha bahati. Nami nikaushika mwiko huo kuliko wote. Nashinda shimoni majini, narudi kulala na suruali ileile mbichi.

Mke wangu, Mama Kulwa, alipanga foleni mpaka akapata kipande cha sabuni, na sabuni enzi zile ilikuwa adimu kweli. "Baba Kulwa, nimekutengea maji, oga basi," akaniambia.

Nikamfokea, "Unataka tufe njaa?" Akayachukua yale maji akaogesha watoto.

Basi nikaanza kuwashwa sehemu za siri. Chini ya govi pakawa pekundu, pana utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na harufu. Kukojoa kunachoma. Mungu wangu! Badala ya kwenda zahanati nikanunua vidonge vya rangi mbili kwa mchuuzi pale kambini, nikawa nameza ninavyojisikia. Muwasho ukazidi. Na mke wangu sikumwacha apumzike, mpaka naye akaanza kuwashwa.

Hapo nikajifanya mwerevu. Nikasema yeye ndiye aliyeniletea.

"Mimi natoka hapa naenda kisimani tu, ningeupata wapi?" akauliza. Sikumsikiliza. Nikampeleka kwao pamoja na watoto, upande wa Kahama, na mbele ya baba yake, shangazi zake na majirani nikasema binti yao ni malaya, kaniambukiza. Nikaondoka najiona dume!

Muwasho sikuuacha kule, nilirudi nao. Nilipofika mahali natembea miguu imeachana ndipo nikaenda zahanati. Mganga akanitazama, akaniuliza maswali, akasema ni fangasi.

"Fangasi hupenda joto na unyevu," akanieleza. "Na hivyo vidonge vyako ni vya kuua bakteria, vimeizidisha."

"Si mke wangu aliyenipa?"

"Huenda wewe ndiye uliyempa. Mwanamume anaweza kuipata bila hata kukutana na mwanamke."

Akanipima mkojo kuona kama nina ugonjwa wa sukari, sikuwa nao. Akanipa dawa ya kupaka, ya rangi ya zambarau. Akaniagiza nijioshe kwa maji safi, nijikaushe vizuri, nguo ya ndani iwe safi na kavu, na mwenzangu naye atibiwe. Nikapona upesi mpaka nikaona aibu.

Nikaenda kwa wakwe. Nilimkuta Mama Kulwa anapepeta mchele, amekonda. Nikamnong'oneza ukweli wote. Akaendelea kupepeta, halafu akasema, "Mimi nilishatibiwa. Lakini kisimani wanawake hawaniazimi hata kata ya kuchotea. Ulisema mbele ya baba. Nenda kamwambie baba."

Mzee alikuwa zizini, pale pale nyumbani. Nikamwendea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

Jamani! Nikasema nimepita tu kuwajulia hali watoto.

Mama Kulwa alisikia. Akachukua ungo wake akaingia ndani, hakutoka mpaka naondoka. Alizeeka huko kwao na jina lile nililompa, na wanangu walikua wakilisikia.

Wanaume wenzangu, ukiwashwa nenda hospitali ukaangaliwe, usimeze dawa za kubahatisha. Siku hizi kuna dawa nzuri za kupaka. Ikiwa inarudi mara kwa mara, pima sukari. Jioshe, jikaushe, na mkitibiwa mtibiwe wote wawili. Fangasi si ushahidi wa umalaya wa mtu!

Na ukimchafua mtu hadharani, msafishe hadharani angali hai. Mimi nimengoja mpaka Mama Kulwa amezikwa, na hata leo naandika nimeficha jina langu.