Kuwasha Pikapu ya Papa

Mwezi uliopita binti yangu alinunua gari. Alilileta mpaka mlangoni kwangu hapa Mangobo, akanitoa jikoni na mikono yangu yenye unga, akaniketisha nyuma ya usukani. Alisema haiwezekani mwanamke wa umri wangu awe hajui hata kuwasha gari. Nikamwacha aamini hivyo.

"Kanyaga frein, mama, alafu finya tu hapa," akanionyesha kitufe.

Nikakanyaga breki. Lakini kabla sijabonyeza, mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe katikati ya viti ukashika mti wa gia, ukautikisa. Haukutikisika. Nikashtuka, nikamwambia asipite mbele ya gari, liko ndani ya vitesi, gia imeingia. Binti yangu akacheka mpaka akaegemea mlango. Gari la siku hizi, alisema, halina mambo hayo, lenyewe linajua. Nikabonyeza. Likawaka kimya kama friji, nikalizima, nikashuka, nikarudi kwenye unga wangu.

Yeye sijamweleza kitu. Wewe kaa hapa nikueleze, maana huna haraka ya kwenda kuonyesha watu gari.

Nilikulia hapa hapa Mangobo, enzi ambazo mji mzima ulikwenda kwa baiskeli. Toleka walikuwa kila kona: unakaa kwenye kiti cha sponji nyuma, mwendeshaji anatoka jasho, wewe unashikilia mkoba wako. Gari lilikuwa jambo kubwa. Na papa yangu alikuwa na gari, au tuseme alikuwa na vipande vya gari vilivyokubali kukaa pamoja: pikapu ya dizeli, bluu pale ambapo rangi ilikuwa bado imebaki. Aliibebea ndizi, mpunga na makala ya kupikia kutoka barabara ya Yangambi hadi sokoni, na watu walimwita Papa Shofa hata kanisani.

Breki ya mkono ya pikapu ile ilikufa kabla sijazaliwa. Ungeweza kuivuta mpaka iguse dari, gari likaendelea na safari yake. Na parsele yetu, kiwanja cha nyumba, ilikuwa inateremka kuelekea mtaro wa barabarani. Kwa hiyo kila jioni papa aliiegesha ikiutazama ukuta wa jiko, akaiacha ndani ya vitesi ya kwanza, akashuka na kusukumia kipande cha mti nyuma ya gurudumu. Magari mengi ya mji yalilala hivyo. Gari ulilolilaza hivyo asubuhi unaliamsha kwa adabu, kwa sababu limeamka likiwa bado limeuma vitesi yake, na ukigeuza ufunguo tu linaruka.

Asubuhi zetu zilianza na kinu. Mama alitwanga ndizi za lituma, du, du, du, moshi wa kuni ukipita chini ya bati, na papa alifungua kapo la injini, akaweka kichwa ndani kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Anamwaga maji kwenye radiyeta. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena, anakitazama juani. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kiislamu aliyetenganishwa nasi na ua wa mianzi, alikuwa anapita na ndoo yake ya maji anauliza kama ibada ya gari imeisha ili watu wengine waanze siku. Papa alimjibu kwamba bado mahubiri.

Nilipofika miaka tisa akaniweka kwenye usukani. Aliniita mama, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake, na hata alipokuwa ananigombeza alinigombeza kwa heshima ya mama yake. Alinikunjia gunia chini ya makalio nione nje, akanisogezea kiti mpaka miguu ikafika.

"Mama, ambreyaje kwanza, ile pedali ya kushoto, chini kabisa. Bon. Sasa toa vitesse, alafu tikisa. Kama inacheza huku na huku, iko point mort, vitesse imetoka. Kama inakaza, usiguse ufunguo."

"Na kama najua imeshatoka?"

"Hata kama unajua. Tikisa."

Kisha mguu wa kulia kwenye breki. Kisha ufunguo, nusu tu, ile taa ya njano iwake, ungoje izime yenyewe, maana dizeli inataka kupashwa moto kabla ya kuambiwa kufanya kazi. Unaangalia vioo, unaangalia mbele. Na hapo bado huwashi. Unangoja papa afunge kapo, atoke mbele ya gari, asimame upande wa dirisha lako na kusema, "Washa, mama." Ndipo unageuza, na ikishika tu unauachia ufunguo. Unaangalia taa nyekundu ya oili izime. Halafu papa anakwenda kutoa kile kipande cha mti, na wewe mguu wako wa breki hauondoki mpaka aseme.

Nililipenda jambo lile kuliko kitu chochote. Nilikwenda shule nikinuka dizeli na sikutaka kunawa. Papa aliwaambia wateja wake sokoni kwamba nikifikisha umri wa leseni yeye atakaa upande wa abiria, avue viatu, aendeshe yeye kwa maneno na mimi kwa miguu, mpaka Yangambi kwa mama yake. Wateja walimcheka, mtoto wa kike na pikapu. Yeye alisema watacheka wakiwa wamepanda nyuma juu ya ndizi zao.

Shuleni nami nilijisifu, na shuleni kulikuwa na wasichana wawili ambao hawakuniamini. Walisema nakaa tu pale, papa ndiye anayewasha kichinichini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na uongo ule uliniuma usingizini. Basi asubuhi moja, nimekaa kwenye gunia langu, papa bado ameinama mbele na jerikeni ya maji, nikawaona hao wawili wanapita barabarani na mifuko yao. Wangepita hatua kumi hivi, wangekuwa wamekwenda. Nilitaka tu wasikie.

Sikukanyaga ambreyaje. Sikutikisa. Sikungoja taa, wala sikungoja neno la papa. Niligeuza ufunguo.

Pikapu iliruka mbele, ikagonga ukuta wa jiko, ikazima. Haikuwa mwendo wa hata mita moja. Kinu kilinyamaza. Papa hakupiga kelele, alitoa pumzi tu, pumzi ndefu ambayo sijasikia mtu mwingine akiitoa. Goti lake la kushoto lilikuwa kati ya bampa na matofali.

Mama alitoka mbio na mchi mkononi. Bibi wa upande wa pili aliuvunja ua wa mianzi akaingia. Wakaisukuma pikapu nyuma, na papa akateleza chini akakaa udongoni, jasho limemjaa usoni. Mimi nilikuwa bado nimeshika ufunguo. Mama aliniangalia, akafungua mdomo kuniuliza, na papa akawahi.

"Ni mimi. Nilisahau kutoa vitesse, alafu nikamwambia mutoto awashe. Yeye aliwasha tu."

Aliyasema haya akinitazama mimi, wala si mama. Nami, rafiki yangu, nikauacha uongo ule upite.

Goti lilitibiwa hospitali, likatibiwa na mkandaji mifupa, likakandwa na bibi wa Kiislamu kwa maji moto na mafuta ya mawese miezi mizima. Papa akapona kwa namna ya kusema tu. Mguu haukukunjika tena. Akawa anatembea nao mkavu, na fimbo, na mguu wa kushoto usiokunjika haukanyagi ambreyaje. Mama alimlaumu kwa miaka. Kila mvua ilipouma goti alikumbushwa: mtu mzima, dereva wa miaka ishirini, anamwambia mtoto awashe gari lenye vitesi ndani. Mtoto angeweza kuua mtu kwa ajili ya akili yako. Papa aliitikia, ndiyo, kweli, nilikosa, na akaendelea kula lituma yake. Mimi nilikuwa naangalia sahani.

Akawa fundi wa toleka. Alikaa mbele ya parsele mguu umenyooka kama nguzo, akikaza spoki na kuziba matairi. Mama alimwambia aweke dereva kwenye pikapu. Akakataa. Alisema dereva yupo, anakua tu. Na kila Jumamosi alifungua kapo, akaizungusha injini kwa mkono na spana kubwa isije ikashikana, akabadilisha oili wakati sisi wenyewe hatukuwa na mafuta ya kupikia.

Nikafikisha umri wa leseni. Papa akanyoosha ufunguo. "Bon, mama. Twende polepole, ndani ya parsele tu."

Nikamwambia kesho. Kesho yake nilikuwa na nguo za kufua. Wiki iliyofuata nilikuwa na mtihani. Alikuwa haniulizi kila siku, angalau hilo. Aliacha siku zipite, kisha asubuhi moja ninapochota maji namwona amekaa upande wa abiria, mlango wazi, mguu mkavu umetoka nje, anangoja. Hakuita. Nilizunguka nyuma ya nyumba na ndoo yangu.

Ungeniuliza wakati ule ningesema naogopa. Uoga ulikuwepo. Lakini kilichonizuia zaidi ni hasira, na naona aibu kuisema. Nilimkasirikia papa kwa kunisamehe bila hata kunigombeza. Angenichapa siku ile, angenitaja kwa mama, ningelia yakaisha. Yeye alichukua kosa langu akalivaa kama koti lake, na kila nilipomwona anachechemea niliona koti langu. Kukaa kwenye kiti kile ilikuwa kukiri. Nikasema kesho kwa miaka miwili.

Mwisho mama alichoka. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva, matairi yalikuwa yamekwisha kuuzwa, pikapu imekalia matofali. Akaja mtu wa Lubunga, ng'ambo ya mto, mwenye balenyeri, boti kubwa la mbao la kupeleka watu na mizigo Yangambi, anatafuta injini ya dizeli. Alikuja asubuhi na fundi wake na batri. Alitaka kuisikia ikiwaka kabla ya kununua, na nani angemlaumu.

Fundi akafunga batri, akawafukuza kuku, akashika mlango aingie. Papa akamwekea fimbo mbele ya kifua.

"Ngoja, tonton. Gari hii iko na dereva wake."

Wakatazama huku na huku. Papa akaniita kwa jina la mama yake. Mbele ya wageni huwezi kusema kesho.

Nikaingia. Sikuhitaji gunia tena, hicho ndicho kilichonishangaza, kwamba niliona nje vizuri. Nikakanyaga ambreyaje mpaka chini. Nikatoa vitesi, nikatikisa. Ilicheza huku na huku. Mguu kwenye breki, ufunguo nusu, taa ya njano ikawaka. Nikainua macho kuangalia mbele, kama nilivyofundishwa, na papa alikuwa amesimama pale. Kapo limefungwa, mgongo kwenye ukuta wa jiko, goti lake mkabala na bampa. Pikapu haikuwa na magurudumu, ni kweli, haikuwa inakwenda popote. Lakini nafasi ya kusimama ilikuwa kubwa ndani ya parsele ile, na yeye alichagua pale.

Nikampungia mkono atoke. Hakutoka.

"Washa, mama."

Taa ilikuwa imezima muda mrefu. Nikageuza. Ikashika mara ya kwanza, baada ya miaka tisa, moshi mweusi ukajaza jiko, fundi wa Lubunga akapiga makofi. Mama alikuwa mlangoni na mchi wake. Nikatoa kichwa dirishani nimwambie, nilitaka kumwambia wakati huo huo, mbele ya wote, kwamba aliyewasha siku ile bila kungoja ni mimi. Papa akanitikisia kichwa, kidogo tu. Halafu akaja mpaka dirishani akichechemea, anacheka meno yote nje.

"Umeona? Ulikuwa unajua."

Jioni injini ilikuwa tayari imekwenda mtoni juu ya toroli, vijana wanne wakiisukuma. Papa alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Parsele ile ina maduka sasa, toleka wamekwisha, ni pikipiki tupu, na bibi wa Kiislamu na mama yangu nao wametangulia. Mama aliondoka akiamini kwamba mume wake alisahau vitesi. Kati ya waliokuwepo siku ile hakuna aliyebaki wa kumwambia ukweli; nimebaki na wewe, na wewe hukumjua papa.

Nilizoea kujiambia kwamba ninajutia lile goti. Goti lilikuwa kosa la mtoto wa miaka kumi na moja. Ninachojutia ni ile miaka miwili. Papa aliniomba kitu ambacho nilikuwa nakiweza, tena yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nami nikampa siku ile tu watu walipokuja na spana kuichukua injini.